Profesa Derrick Jelliffe na Kipimo cha Mkono wa Mtoto

Mtoto anayefikishwa mbele ya mhudumu wa afya mjini Lodwar, au katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyo takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa mji huo, aghalabu hupimwa kwa utepe. Utepe huo huzungushwa kwenye mkono wake wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kisha husomwa. Mzingo usiofika sentimita 11.5 huonyesha utapiamlo mkali, na mtoto huyo hana budi kuingizwa katika matibabu bila kuchelewa. Ukiwa kati ya 11.5 na 12.5, hali yake ni ya wastani, ila anahitaji kuangaliwa na kulishwa zaidi. Rangi nyekundu, manjano na kijani zilizochapwa juu ya utepe humwezesha hata asiyesoma tarakimu kujua mtoto amesimama wapi. Chombo chenyewe ni duni, bei yake ni ndogo, na hukunjwa kikatiwa mfukoni. Miongoni mwa waliokifanya kipimo cha mkono kiwe elimu inayokubalika duniani, jina la Derrick Brian Jelliffe liko mbele, naye alikuwa ameketi katika kiti cha uprofesa cha Makerere alipoiandaa kazi hiyo.

Jelliffe alizaliwa Uingereza mwaka wa 1921, akasomea udaktari jijini London katika shule ya tiba ya Hospitali ya Middlesex. Kama vijana wengi wa kizazi chake waliohitimu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alielekea katika utumishi wa nchi za joto. Alianzia Sudan, kisha akahamia Ibadan, Nigeria, ambako chuo kikuu kichanga kilikuwa kimefunguliwa mwaka wa 1948. Huko ndiko alikokutana na suala la urithi wa damu.

Wakati huo elimu ya selimundu ilikuwa ikibadilika kwa kasi. Mwaka wa 1949 James Neel wa Marekani na E. A. Beet aliyekuwa Rhodesia walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kuwa mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja huishi kama wenzake, ilhali aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Mwaka uo huo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchini humo akikusanya damu. Alikuta jeni hiyo kwa wingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na kwa uchache mno katika nyanda za juu na katika maeneo makavu. Mwaka wa 1954 akaeleza sababu yake: jeni moja ya selimundu humkinga mtoto na malaria, kwa hiyo huendelea kudumu pale mbu walipo. Mchango wa Jelliffe katika mjadala huo ulikuwa wa mtu wa takwimu. Pamoja na J. Humphreys aliipima damu ya Wayoruba 1,881 na kuchapisha matokeo mwaka wa 1952.

Haukuwa ugunduzi wa kutikisa dunia kama wa Allison, na si haki kuupamba ukaonekana hivyo. Hata hivyo, ulimwachia Jelliffe funzo lililomfaa maisha yake yote. Kwa miaka mingi madaktari wengi wa kikoloni walidhani kuwa ugonjwa wa selimundu ni nadra barani Afrika, kwa kuwa hawakuwaona watu wazima walioupata. Ukweli ni kwamba wagonjwa walikuwa wamezikwa wangali watoto, kabla ya daktari yeyote kuwatia machoni. Hospitali humhesabu anayeufikia mlango wake. Asiyefika hahesabiwi, na asiyehesabiwa huonekana kana kwamba hakuugua.

Kutoka Ibadan alikwenda Jamaika, ambako yeye na wenzake G. Bras na K. L. Stuart walieleza mwaka wa 1954 maradhi ya ini ya watoto yaliyohusishwa na chai za majani ya porini. Alifundisha pia Calcutta, India, akaandika kuhusu mila za malezi katika vijiji vya Bengali Magharibi. Mwaka wa 1959 alichapisha makala iliyopendekeza jina moja la kuyakusanya maradhi ya njaa ya watoto, yaani utapiamlo wa protini na nguvu. Suala la jina halikuwa dogo. Neno lililotamalaki wakati huo lilikuwa kwashiakoo, ambalo Cicely Williams alilichukua katika lugha ya Waga wa pwani ya Ghana na kulitia katika maandishi ya tiba miaka ya 1930. Kwa Waga neno hilo hutaja ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani mwa mama mwenziwe anapokuja. Waganda nao wanalo lao, obwosi, lenye fikra iyo hiyo ya mtoto aliyepokonywa nafasi. Wanafunzi wa isimu wataona jambo hapa: lugha za Kiafrika ziliupa ugonjwa jina kwa kuangalia mkasa wa nyumbani, na sayansi ikaupa jina kwa kuangalia kilichopungua katika chakula. Kiswahili kimeridhika na utapiamlo, neno pana linaloziacha fikra zote mbili nje.

Jina la Jelliffe halikukaa bila kupingwa. Mwaka wa 1974 Donald McLaren alishambulia vikali imani kuwa protini ndiyo iliyopungua kuliko vyote, akaonyesha kuwa wengi wa watoto hao walikosa chakula chenyewe. Katika hilo McLaren alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Uprofesa wa kufadhiliwa ni desturi kongwe katika vyuo vya tiba vya Ulaya na Marekani. Tajiri au shirika huweka fedha, na fedha hizo humlipa msomi mmoja anayekalia kiti hicho. Kiti alichopewa Jelliffe Makerere mwaka wa 1959 hakikuwa na jina la tajiri. Kilifadhiliwa na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, naye akajulikana kama Profesa wa UNICEF wa afya ya watoto. Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka ikumbukwe Makerere ilikuwa nini. Shule yake ya tiba, iliyoanza miaka ya 1920, ndiyo iliyowafunza madaktari wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Dar es Salaam ilipata shule yake mwaka wa 1963, na Nairobi mwaka wa 1967. Kwa hiyo kijana wa Kenya aliyetarajiwa kupelekwa siku moja katika wilaya kame za kaskazini alijifunza maradhi ya watoto huko Mulago, hospitali ya kufundishia ya Makerere, mbali kabisa na mchanga wa Turkana. Huko pia alifanya kazi Latimer Musoke, mmoja wa madaktari wa watoto wa kwanza wa Kiafrika katika ukanda huu, ambaye uchambuzi wake wa watoto waliolazwa Mulago mwaka wa 1959 ulichapishwa mwaka wa 1961.

Jelliffe hakutaka wanafunzi wake waishie wadini. Akiandamana na F. J. Bennett wa idara ya tiba ya kinga, pamoja na mkewe Patrice Jelliffe, mtaalamu wa lishe, alizunguka nje ya Kampala kuwapima watoto walikoishi. Waliwapima watoto wa Walugbara kaskazini-magharibi mwa Uganda. Walifika kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi huko Tanganyika, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, na wakastaajabu kuona watoto wenye lishe njema kuliko wengi wa watoto wa wakulima. Mwaka wa 1964 walichapisha utafiti wao kuhusu maradhi ya watoto wa Wakaramojong.

Karamoja imepakana na Turkana, na Wakaramojong na Waturkana ni ndugu wa ukoo mmoja wa Ateker; lugha zao zinasikilizana, na maisha yao yamefungamana na mifugo, maziwa, damu na mtama. Daktari aliyezoea watoto wa Buganda waliolishwa ndizi aliona huko mwili wa namna nyingine: mrefu, mwembamba, wenye miguu mirefu. Mtoto wa namna hiyo akiwekwa kwenye mizani na kulinganishwa na jedwali, je, jedwali linasema ana njaa, au linasema tu kuwa yeye ni mtoto wa wafugaji?

Jelliffe alilishughulikia swali hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1966 kuhusu namna ya kutathmini hali ya lishe ya jamii, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani kikiwa namba 53 katika mfululizo wake wa tasnifu. Alikubali kuwa urithi na mazingira vyote huuumba mwili. Lakini alihitaji rejea moja ambayo kila nchi ingeweza kuitumia, hivyo akachapisha ndani ya kitabu hicho vipimo vya watoto wa Boston, Marekani, vilivyokusanywa na watu wa Harvard. Uamuzi huo umelaumiwa, na lawama ina msingi, kwa maana mtoto wa Moroto alijikuta akisimamishwa kando ya mtoto wa Boston. Utetezi wake nao una nguvu. Afisa anayeruhusiwa kusema kuwa watu fulani wamezaliwa wembamba amepata udhuru wa kutowapelekea chakula. Mahali penye uhaba wa kila mwaka, urithi ni kisingizio rahisi mno.

Hapo ndipo mkono ulipoingia. Kupima uzito kwa umri kunahitaji mizani inayobebeka na tarehe ya kuzaliwa inayojulikana, na katika nchi ya wafugaji vyote viwili vilikuwa haba. Kwa upande wa umri, Jelliffe alipendekeza kalenda ya matukio ya mahali: mpimaji amuulize mama kama mtoto alizaliwa kabla au baada ya gharika fulani, ukame fulani, au kifo cha mzee fulani. Turkana ina utajiri wa majina ya namna hiyo. Ukame wa 1979 hadi 1981, kwa mfano, ulipewa jina la Lopiar, lenye dhana ya kufagia, kwa jinsi ulivyoimaliza mifugo. Kwa upande wa mizani, jibu lilikuwa mzingo wa mkono. Kati ya mwaka mmoja na mitano, mkono wa mtoto mwenye afya hauneni sana, kwa sababu mafuta ya uchangani hupungua huku misuli ikijaa. Kumbe kipimo kimoja chaweza kutumika kwa umri wote huo bila kujua tarehe, na mkono unaopungua huonyesha misuli inayoliwa na njaa. Mwaka wa 1969 Derrick na Patrice Jelliffe waliikusanya hoja hiyo na kuitetea katika jarida la tiba ya watoto wa nchi za joto. Wengine waliiendeleza. Wakati wa vita vya Biafra ilitumika fimbo ya kulinganisha mkono na kimo. Mwaka wa 1974 Shakir na Morley wakaeleza utepe wa rangi. Mipaka ya sentimita ilibadilika mara kadhaa kabla ya kutulia katika 11.5 na 12.5.

Huko Turkana vipimo viwili, uzito kwa kimo na mzingo wa mkono, havikubaliani daima. Jambo hili limeonekana katika jamii nyingi za wafugaji wenye miguu mirefu: uzito kwa kimo huwaita wagonjwa watoto wengi kuliko utepe unavyowaita. Wataalamu hawajamaliza kubishana ni kipi kinachomgundua zaidi mtoto aliye karibu na kifo, ingawa utepe umejitetea vizuri katika hilo. Mabishano yenyewe si ya darasani. Idadi ya watoto wanaoandikwa kuwa wagonjwa ndiyo inayoamua ni makasha mangapi ya chakula cha tiba yatakayopakiwa kwenye lori la kuelekea Lodwar.

Urithi nao umerudi mezani kwa sura mpya. Kuanzia miaka ya 2010 watafiti kutoka Kenya na Marekani wamefanya kazi pamoja na jamii za Turkana kuzichunguza jeni zao. Mwaka wa 2020 walionyesha kuwa Waturkana waliohamia mijini walikuwa na afya mbaya zaidi ya moyo na ya umeng'enyaji wa sukari na mafuta kuliko wenzao waliobaki na mifugo. Mwaka wa 2025 walichapisha uchambuzi wa jinomu 367 na kutaja sehemu nane zilizobeba alama za uteuzi wa asili, mojawapo ikiwa jeni ya STC1 inayohusishwa na figo na uwezo wa mwili kuhimili uhaba wa maji na chakula kingi cha mnyama. Selimundu ilikuwa imeshaonyesha kuwa mahali huandika habari zake katika damu. Sasa ukame nao umesomwa humo. Ila matokeo hayo hayakuigusa mipaka ya utepe. Mwili uliozoea kiu kwa maelfu ya miaka haukuzoea kukosa maziwa.

Mafanikio ya Makerere yaliyomfurahisha Jelliffe huenda hayakuwa ya vitabu. Mwaka wa 1965 kilifunguliwa Mulago kituo cha kuwarejeshea watoto lishe, kikaitwa Mwanamugimu, jina lililochotwa katika methali ya Waganda na lenye maana ya mtoto mwenye afya. Mama alikaa hapo na mwanawe, akapika kwa vyakula alivyovijua: maharagwe, karanga, samaki wadogo na ndizi, vikachanganywa kuwa kitobero. Mtoto aliponenepa mbele ya macho ya mamaye kwa chakula cha shambani kwake, mama alirudi kijijini akiwa mwalimu. Kazi hiyo iliwategemea wauguzi na akina mama kuliko maprofesa, na ndiyo maana kituo kimedumu hata baada ya misukosuko mikubwa ya Uganda.

Ndani yake mlikuwa pia na masahihisho. Kabla ya Mwanamugimu, Mulago iliwatibu watoto wa obwosi kwa maziwa ya unga, yakawaponya. Wanahistoria wameonyesha kuwa tiba hiyo iliwafundisha akina mama, bila mtu kukusudia, kuwa dawa ya mtoto imo katika chupa. Na maziwa ya unga yaliyotolewa kwa wingi duniani katika miaka hiyo yalipitia pia mikononi mwa UNICEF, mfadhili wa kiti cha profesa mwenyewe. Kinaya hicho hakikumtuliza Jelliffe. Baada ya kuondoka Makerere mwaka wa 1966 na kwenda kuiongoza taasisi ya chakula na lishe ya Karibea huko Jamaika, alibuni mwaka wa 1968 istilahi iliyowaudhi wengi: utapiamlo uletwao na biashara. Alimaanisha watoto wanaodhoofika kwa sababu mama zao wameshawishiwa na matangazo waache kunyonyesha, wanunue maziwa ya kopo, kisha wayazimue kwa maji machafu ili yasiishe upesi.

Mwaka wa 1970 alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokutana na wawakilishi wa kampuni za maziwa mjini Bogotá, Kolombia, kwa mwito wa Umoja wa Mataifa. Makubaliano yalikuwa machache. Aliendelea kusema kwa ukali kuliko ilivyopendeza ofisini, na baadhi ya makadirio yake ya idadi ya watoto walioathirika yalitiliwa shaka. Baadhi ya shaka hizo zilistahili. Mwaka wa 1977 ulianza mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Mwaka wa 1978 Derrick na Patrice walitoa kitabu kikubwa kuhusu maziwa ya mama katika ulimwengu wa kisasa, na mwezi Mei 1981 Baraza la Afya Duniani likapitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa maziwa mbadala kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani, nchi ambayo Jelliffe alikuwa akiishi na kufundisha. Kenya ilitunga sheria yake kuhusu jambo hilo mwaka wa 2012.

Miaka yake ya mwisho aliifanyia kazi Los Angeles, katika shule ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha California, akifundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi na kuendelea kuandika na mkewe. Alifariki mwaka wa 1992. Katika mwaka huo huo, kando ya mto Tarach, ilifunguliwa kambi ya Kakuma kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, nchi alikoanzia kazi yake.